Kabla ya Kumwita Jirani Mvivu

Yako maneno mawili yatokayo vinywani mwetu pasipo kupimwa: mvivu na mjinga. Mwalimu huyatamka darasani, mume huyatamka mezani, wakwe huyatamka uani, na vijana huyatamka njiani kama mchezo. Maneno hayo si habari tu, ni hukumu. Maana amwitaye mwenzake mvivu hasemi tu kwamba kazi haikufanyika. Asema kwamba mtu huyo aliweza kuifanya, akakataa kwa makusudi. Leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali moja: twajuaje kwamba aliweza?

Ili tulijibu swali hili, hatuna budi kuutazama kwanza mwili wenyewe. Shingoni mwa kila binadamu, mbele ya koo la pumzi, ipo tezi yenye umbo kama la kipepeo aliyekunjua mabawa. Uzito wake katika mtu mzima ni gramu 20 hivi. Mwili unazo tezi nyingine za jamii hiyo: moja i chini ya ubongo, nayo si kubwa kuliko punje ya njegere, mbili zimekaa juu ya mafigo, tena lipo kongosho, ambalo likishindwa kutoa insulini ya kutosha mtu hupata kisukari. Katika kazi hii tezi hizi hazitumii mfereji. Kile zitengenezacho hukimimina moja kwa moja katika damu, na damu hukipeleka mahali pa mbali kama tarishi apelekavyo barua. Mwaka 1905 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Ernest Starling, akihutubu mjini London, alivipa vitu hivyo jina la homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha au kuchochea.

Jina hilo lafaa sana kwa tezi ya shingo. Homoni yake kubwa, iitwayo thairoksini, huuamrisha mwili mzima utumie chakula chake kwa mwendo gani. Ikizidi, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, mtu hukonda ingawa anakula, hutoka jasho, hakosi usingizi tu bali na uvumilivu pia. Pengine na macho hutokeza. Ikipungua, mambo hugeuka: mtu huona baridi watu wengine wakiona joto, ngozi hukauka, uso huvimba, sauti hukwaruza, kumbukumbu hufifia, na kila kazi huwa kama kupanda mlima na mzigo kichwani.

Mwaka 1891, katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, tabibu George Murray alimtibu mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa katika hali hiyo ya pili. Usemi wake ulikuwa mzito, mwendo wake wa polepole, wala hakupenda kutoka nje kukutana na watu. Tabibu alimpiga sindano za maji yaliyotengenezwa kwa tezi ya kondoo. Baada ya miezi michache uvimbe ulipungua, maneno yakamtoka kwa wepesi, na hamu ya maisha ikamrudia. Mwanamke yule aliendelea na dawa hiyo, akaishi miaka 28 zaidi, hata mwaka 1919. Katika muda huo, siku ya Noeli ya mwaka 1914, Edward Kendall wa Marekani alifaulu kuitenga thairoksini yenyewe ikiwa safi. Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo humeza kidonge kidogo kila siku.

Tumeleta habari hiyo ya zamani kwa sababu ya swali lililomo ndani yake. Uzito wa mwanamke yule ulikwenda wapi? Hakuhubiriwa, hakukemewa, hakutishwa. Alipewa kitu ambacho shingo yake ilishindwa kukitoa, basi. Kama jirani zake walikuwa wakimwita mvivu, walikuwa wakimlaumu kondoo asiyekuwepo.

Sasa turudi kwetu. Tuchukue Mkuyuni, kata ya Jiji la Mwanza iliyo kando ya barabara iendayo Shinyanga, ambako watu huamka alfajiri kwa ajili ya soko na safari za mjini. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba yupo hapo mama kijana aliyejifungua miezi mitano iliyopita. Zamani alikuwa wa kwanza kuwasha moto. Siku hizi jua humkuta bado kitandani. Mama mkwe wake anamwambia, “Mkwe wangu, sisi tulizaa watoto wengi na jembe hatukuliweka chini.” Naye anajibu kwa upole, “Mama, mwili wangu hauniitikii.” Mama mkwe asikia udhuru. Lakini tabibu angalisikia dalili. Maana yajulikana kwamba baadhi ya wanawake, katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, tezi ya shingo huwatatizika, mara ikizidisha homoni, mara ikipunguza. Kadhalika kijana aliyekonda, mwenye kutetemeka na kukasirika upesi, huenda watu wakanong'ona kwamba anavuta bangi, na kumbe ana tezi iliyozidi kazi. Hatusemi kwamba kila mchovu ana tezi mbovu, wala kila mwenye hasira. Twasema kwamba kwa macho matupu jirani hawezi kuwatenga hawa na wale. Hapo ndipo hukumu yetu ya haraka inapoanguka.

Liko jambo zito kuliko hilo. Mtu mzima akiugua tezi, alau anaweza kusema. Lakini mtoto aliye tumboni hawezi. Katika majuma ya mwanzo ya mimba tezi ya mtoto haijaanza kazi, naye hutegemea thairoksini ya mama ili ubongo wake ujengeke. Na thairoksini haitengenezwi pasipo ayodini, ambayo sisi Watanzania tumezoea kuiita madini joto. Mama akikosa madini hayo kabisa, mtoto aweza kuzaliwa akiwa kiziwi, bubu, mfupi wa kimo, mwenye miguu migumu na akili isiyoweza kukua. Akiyapata kwa uchache tu, mtoto huzaliwa akionekana mzima, ila uwezo wake wa kujifunza umepunguzwa kimya kimya. Miaka saba baadaye huketi darasani, na mwalimu humwita mjinga. Ujinga huo alikosea lini? Deni lilikwisha kuandikwa kabla mama mwenyewe hajatambua vizuri kwamba ana mimba.

Hayo si dhana. Kuanzia mwaka 1966, katika milima ya Papua New Guinea, waganga walizipa familia kadhaa sindano ya mafuta yenye madini joto, na nyingine sindano ya maji ya chumvi tu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1971, ilionekana wazi kwamba watoto wenye ulemavu ule mzito walitoka karibu wote kwa mama wasiopata madini hayo, au kwa waliokuwa tayari na mimba walipochomwa sindano. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiuhesabu upungufu wa madini joto kuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa za ubongo kuharibika ambazo zaweza kuzuiwa.

Je, madini hayo ni mengi kiasi gani? Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Ukikusanya mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70, hupati hata gramu 4. Kijiko kimoja cha chai hakijai. Kwa kitu kidogo namna hiyo mtu hutengwa na shule, na kazi, na pengine hata na heshima ya watu.

Huenda msomaji wa Mwanza akasema, “Sisi tuna Ziwa, tuna samaki, hayo ni ya watu wa milimani.” La, sivyo. Madini joto hukaa baharini. Mvua huyaosha kutoka katika udongo na kuyapeleka bahari kuu, na nchi za ndani hubaki na machache. Samaki wa maji baridi, awe sato, sangara au dagaa, hana madini hayo kwa wingi kama samaki wa bahari. Wamarekani waliliona jambo hilo kandokando ya maziwa yao makuu, ambako rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa jambo la kawaida. Katika mji wa Akron, karibu na Ziwa Erie, waganga David Marine na Oliver Kimball walianza mwaka 1917 kuwapa wasichana wa shule dawa yenye madini joto. Kati ya wasichana 2,190 walioimeza, 5 tu waliota rovu. Kati ya 2,305 ambao hawakuimeza, walikuwa 495. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kutia madini hayo katika chumvi, na mwaka 1924 jimbo la Michigan likafuata.

Wakachagua chumvi kwa hekima. Tajiri na maskini wote huila, kila siku, kwa kiasi kisichotofautiana sana. Wazee wa Usukuma walisafiri kwa miguu hata Ziwa Eyasi kutafuta chumvi, na chemchemi za Uvinza, katika Kigoma, zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Lakini chumvi ya asili, iwe ya ardhini au ya baharini, haina madini joto ya kutosha. Sharti itiwe kwa mkono wa mtu. Na chakula nacho chaweza kuongeza shida. Katika kisiwa cha Idjwi, kilicho ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo, wataalamu waliona kwamba rovu lilikuwa zito zaidi upande mmoja wa kisiwa, ingawa madini joto yalikuwa haba pande zote. Sababu waliyoipata ni muhogo, ambao sumu yake isipoondolewa vema huizuia tezi isiyapate hata hayo machache. Kwa hiyo mama wa Kanda ya Ziwa anayevundika na kukausha udaga wake kwa uangalifu, kama alivyofundishwa na bibi yake, ailinda tezi ya watu wa nyumbani mwake, hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Nchi yetu haikukaa kimya. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika sana, na katika miaka ya 1990 sheria ikaagiza chumvi itiwe madini hayo. Kabla ya juhudi hizo yakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na rovu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 katika watoto wa shule ulikuta kama 7 katika kila 100. Tusitie chumvi nyingi katika habari hii, lakini. Mwaka 2009 wataalamu watatu walitangaza kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipata vidonge wakati wa mimba walisonga mbele shuleni kwa kama theluthi ya mwaka kuliko wenzao, na wasichana zaidi. Mwaka 2020 wengine walizirudia hesabu hizo wakaona hazisimami imara. Hoja yetu haitegemei theluthi ya mwaka. Yatosha kujua kwamba shingo zimepona kwa maelfu, na kwamba waliopona hawakuwa wema kuliko waliougua kabla yao. Walipata chumvi nyingine tu.

Hapo ndipo baadhi ya wasomaji watakapotushika. Watasema: “Bwana Mhariri, ukifika huko umebomoa kila kitu. Kama uvivu ni tezi, na hasira ni tezi, na ujinga ni tezi, basi dhambi iko wapi? Kila mlevi atasema ni kongosho lake. Kila mwanafunzi mtoro ataonyesha shingo yake.” Pingamizi hilo ni la haki, nasi hatulikwepi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuijua thairoksini. Lakini alifundisha kwamba roho haikai mwilini kama nahodha akaavyo chomboni. Roho na mwili ni mtu mmoja. Ikiwa ndivyo, si ajabu mwili ukiugua na utashi ukalemewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, nayo yafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupungua, hata kuondoka kabisa, kwa sababu ya kutojua, ya hofu, ya mazoea na mengine yaliyo ndani ya nafsi au katika maisha ya jamii. Angalieni: yasema kupungua, na pengine kuondoka; haisemi kwamba hakuna lawama kamwe. Mtu mwenye tezi nzito angali mtu huru. Uhuru wake ni kama mwendo wa mtu anayevuka mto: maji yakimfika magotini aenda, yakimfika kiunoni aenda kwa shida, yakimfika shingoni hawezi kwenda bila kushikwa mkono. Aliye ng'amboni pakavu hana haki ya kumcheka kwa kuwa amechelewa. Lakini na yeye aliye majini, akitupiwa kamba akakataa kuishika, hapo swali la lawama laanza upya.

Kwa hiyo mgonjwa anao wajibu wake. Aliyepimwa na kupewa dawa, akaitupa kwa kuwa ameona nafuu ya mwezi mmoja, au akaacha hospitali kwa sababu mganga wa ramli amemwambia amerogwa, hawezi kuificha nyuma ya shingo kila kazi anayoikimbia. Tena ziko hasira ambazo hazina tezi yoyote ndani yake, uko na uvivu ulio uvivu mtupu. Kila mmoja wetu aujua wa kwake. Ila twaujua wa kwetu kwa ndani, na wa wenzetu twaukisia kwa nje. Hiyo ndiyo tofauti tunayoisahau: twajihukumu kwa nia zetu, wenzetu twawahukumu kwa mwendo wao.

Kuna neno moja la Ulaya linalofundisha zaidi ya hotuba ndefu. Katika mabonde ya milima ya Alps, ambako madini joto yalikosekana kabisa, walizaliwa watu wengi wenye ulemavu ule tuliousimulia. Wenyeji waliwaita kwa neno la lahaja yao ambalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, asili yake ni “Mkristu”. Maana yake ilikuwa kwamba huyu naye, ingawa hasemi wala hasikii, ni mtu na si mnyama. Amebatizwa kama sisi. Neno hilo likaingia katika Kifaransa, na kutoka huko katika Kiingereza. Na leo ni nini? Ni tusi: cretin, yaani mpumbavu. Jina lililowekwa ili kumlinda dhaifu limekuwa jiwe la kumpigia. Halikugeuzwa kwa siku moja na mtu mwovu mmoja. Liligeuzwa na watu wa kawaida, kwa kicheko kidogo leo na kicheko kidogo kesho.

Basi, lawama ikipungua kwa mgonjwa, haipotei hewani. Sehemu yake huhamia kwa wale wanaojua na wanaoweza. Kabla ya sayansi kulijua jambo hili, mtoto wa bondeni aliyezaliwa bubu hakuwa na mtu wa kumlaumu. Leo akizaliwa hivyo Tanzania, wako watu wa kuulizwa. Mwenye kutengeneza chumvi aliyeruka hatua ya kutia madini joto ili apate faida ya senti chache, aulizwe. Mwenye duka wa Mkuyuni, au wa popote, anayeuza chumvi isiyo na alama kwa kuwa mteja haulizi, naye aulizwe. Mkaguzi aliyefumba macho aulizwe. Sisi waandishi tulionyamaza, na sisi wazazi tuliosikia tukapuuza, hatutoki katika hesabu hiyo.

Wajibu wenyewe si mgumu. Nunueni chumvi iliyotiwa madini joto, mkaiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na moshi wa jiko, maana madini hayo hupotea; na ni vema kuitia chakula kinapokaribia kuiva. Wala msizidishe chumvi kwa kudhani mtapata afya zaidi: chumvi nyingi hudhuru moyo na mishipa, na madini joto yenyewe yakipita kiasi huitatiza tezi. Ni kijiko kile kile, ila cha chumvi iliyo sahihi. Mwenye uvimbe shingoni, au uchovu usioelezeka, au moyo unaokimbia bila kazi, aende akapimwe. Toka Mkuyuni hata kilima cha Bugando, ambako hospitali iliyojengwa kwa juhudi za Maaskofu ilifunguliwa mwaka 1971, si safari ya kutisha.

Na walimu, wake kwa waume, twawaomba neno moja. Mtoto akichelewa kujibu, kabla ya kumpa jina, ulizeni: amekula nini, anasikia vema, amepimwa? Mkiisha kuuliza hayo yote mkamwona kweli ni mtundu, mrudini kwa haki. Lakini anzeni na kuuliza. Mume naye akimwona mkewe amelegea, amshike mkono waende pamoja kwa tabibu, asimwache aende peke yake kama mshitakiwa.

Hatuwezi kujua uzito wa mzigo alioubeba mwenzetu kwa kumtazama tu anavyotembea. Mungu aujua, kwa kuwa ndiye aliyemwumba, na shingo yake pia. Sisi tuliopewa ujuzi kidogo tumepewa pamoja nao deni dogo: gramu chache za chumvi safi, nauli ya hospitali, na ulimi ambao hausemi “mvivu” kabla haujauliza, “Ndugu yangu, una nini?”